Ninavyosoma wahakiki kabla ya kuonyesha filamu mpya

Banda langu la video liko Mikindani, na msimu wa korosho watu hujaa. Kabla sijachagua filamu, nasoma wahakiki watatu, si mmoja.

Ukiona Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, imeandika 90%, usiichukulie kama alama ya mtihani. Maana yake wahakiki 9 kati ya 10 wameisifu, hata walioipenda kidogo tu. Kwa hiyo soma maneno yenyewe. Mhakiki akilalamika kwamba mapigano ni mengi kuliko hadithi, mimi nafurahi, vijana wangu hulipia hayo hayo! Za kutisha, mtafute mhakiki aliyezizoea. Za vichekesho naangalia mwenyewe dakika 20, kwani kinachowachekesha Wamarekani, huku kwetu huweza kupita kimya.