Neno likimkwama babu: namna ya kumsaidia

Babu anasimulia habari za soko la Kiborloni, anafika kwenye jina la rafiki yake, kimya. "Yule... yule wa kule Marangu." Jina halijafutika. Maana ya neno na sauti zake huhifadhiwa kwenye ubongo kama vitu viwili vilivyounganishwa, na uzeeni kiungo cha kwenda kwenye sauti ndicho hulegea. Ndiyo maana msamiati wa mzee unaweza kuwa mpana kuliko wa mjukuu, ila majina ya watu yanamponyoka: jina halina maana ya kushikilia.

Kwanza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Kosa kubwa ni kumrushia majina matatu manne. Jina lisilo lenyewe huweza kumganda kichwani na kuziba njia. Likikataa, mpe silabi ya kwanza tu, "Ma...". Kumweleza sura ya mtu huyo hakusaidii sana, hayo anayajua. Neno likija kwa Kichaga, lipokee. Likishapatikana, alitamke mara mbili tatu, maana neno lililotumika karibuni huja upesi.

Zima redio mnapoongea, na masikio yapimwe: asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu bure.

Kusahau jina ni kawaida. Kusahau kijiko ni cha nini, au kupotea njia ya nyumbani, si kawaida, mpeleke kliniki. Maneno yakivurugika ghafla, au mdomo ukipinda, huenda ni kiharusi. Hospitali ya KCMC, Moshi, saa hiyohiyo, msisubiri kukuche.