Siku 28 za pesa: kuomba viza ya mwanafunzi ya Uingereza ukiwa Pemba

Agosti 2023 nilinyimwa viza ya Uingereza kwa sababu ya siku mbili. Pesa nilikuwa nazo, na taarifa ya benki ilionesha hivyo siku niliyotuma maombi. Lakini wiki mbili kabla nilitoa laki sita nipate nauli ya boti kutoka Mkoani na matumizi ya Dar es Salaam. Ami yangu akazirudisha baada ya siku mbili, nami nikajua yamekwisha. Ofisa aliyesoma faili langu hanijui mimi, hamjui ami, wala hajui Wete iko wapi. Alichokiona ni salio lililoshuka chini ya kiwango tarehe 19 na 20 Julai. Pauni 363 za maombi zikaenda na maji.

Kwa hiyo kijana akinijia na barua ya chuo mkononi, sianzi na fomu. Naanza na pesa.

Kanuni ni hii. Ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa, ukijumlisha na pesa za kujikimu za miezi isiyozidi 9, lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja. Na siku ya mwisho ya taarifa ya benki isiwe imetangulia siku ya kutuma maombi kwa zaidi ya siku 31. Nilipoomba mimi, pesa za kujikimu nje ya London zilikuwa pauni 1,023 kwa mwezi, yaani 9,207 kwa miezi 9, karibu shilingi milioni 29 za wakati ule. Kuanzia Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi, jumla 10,539. Ukienda London ni 1,529 kwa mwezi, jumla 13,761. Shilingi zako watazigeuza pauni kwa viwango vya OANDA, tovuti ya kubadilisha fedha, na si vya dukani kwa mbadilisha fedha, kwa hiyo usiweke kiasi kile kile barabara. Mimi huwaambia waongeze milioni mbili juu, shilingi ikiteremka wasiumie. Nauli ya boti, picha, chai, vyote vitoke mfuko mwengine. Akaunti ile ifunge kwa siku 28 kama uliyeifukia.

Jambo la pili ni akaunti ya nani. Inakubaliwa yako, au ya mama, ya baba, au ya mlezi wako wa kisheria. Hapa ndipo sisi tunapokwama, maana kwetu mtoto husomeshwa na ukoo. Baba aliuza karafuu zake ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, mama akatoa alichonacho, na fungu kubwa lilikuwa la ami, liko katika akaunti yake. Nikamwendea.

"Ami, pesa zikikaa kwako hazinifai."

"Kwani mimi si baba yako?"

"Ni baba yangu, ami. Lakini cheti cha kuzaliwa hakikukutaja."

Alinyamaza kidogo, kisha kesho yake akaniingizia zote kwenye akaunti yangu. Ndugu akiwa na pesa za kukusaidia, zihamie kwako au kwa mzazi wako, halafu ndiyo uanze kuhesabu 28. Ukitumia akaunti ya mzazi, ambatisha cheti chako cha kuzaliwa na barua aliyoitia saini, inayosema wewe ni mwanawe na ameridhia utumie pesa zile. Kama ada umesamehewa, kama nilivyosamehewa mimi, hakikisha chuo kimeliandika hilo kwenye CAS. CAS ndiyo namba ya uthibitisho ambayo chuo kinakutolea, na bila ya hiyo huna maombi.

Sasa majina. Kabla chuo hakijatoa CAS, tandaza mkekani pasipoti, cheti cha kuzaliwa, Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, vyeti vya NECTA na taarifa ya benki, usome herufi moja moja, na mwengine akusomee tena. Kwangu cheti cha kuzaliwa kilisema Hamadi na vyeti vya skuli vikasema Hamad. Mtu wa Wete hatokuuliza kuhusu hiyo "i". Ofisa wa viza anaweza kuona watu wawili. Nilikwenda kwa sheha kwa barua, kisha kwa wakili kwa hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na hati ile nikaiambatisha. Ikiwa pasipoti bado hujachukua, hiyo ndiyo fursa ya kuyanyoosha. Ni shilingi 150,000, na jina litakaloandikwa humo ndilo chuo kitakaloliweka kwenye CAS. Cheti kilichoandikwa Kiswahili tupu kinahitaji tafsiri ya Kiingereza yenye tarehe, jina kamili la mfasiri, saini na mawasiliano yake, na maneno yake kwamba tafsiri ni sahihi. BAKITA wanafanya kazi hiyo. Usitafsiri mwenyewe.

Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa anayetoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi 6, na hufanywa kwenye kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza, iliyoko Dar es Salaam. Hospitali nyengine yoyote, hata ikiwa nzuri vipi, cheti chake hakipokelewi. Unapigwa picha ya kifua, na ikiwa safi mambo huwa mepesi. Wakiona kivuli watataka makohozi, na majibu yake yanaweza kufika wiki 8. Ndiyo maana nasema pima mapema, maadam cheti kinadumu miezi 6. Maombi nayo yanaruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla ya masomo, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3. Aliye Pemba apange safari yake vizuri: afikie kwa jamaa Dar, apime kwanza, akipata cheti atume fomu kwa intaneti na kulipa, halafu achukue miadi ya alama za vidole wiki ile ile. Mimi nilivuka bahari mara mbili; mdogo wangu mwaka 2025 alivuka mara moja.

Malipo yanawashtua wengi. Tangu Aprili 2025 maombi yalikuwa pauni 524. Juu yake kuna ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, na anayekwenda kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja hudhani atalipa 776. Atalipa 1,164, kwa sababu viza yake inapita mwisho wa masomo kwa miezi 4 na kipande kile kinahesabiwa nusu mwaka. Unalipa kwa kadi, kwa hiyo nenda benki mapema uwaambie wakufungulie malipo ya mtandaoni na wakupandishie kikomo cha kadi. Kadi ya mdogo wangu ilikataa mara tatu usiku, ikabidi angoje benki ifunguliwe asubuhi.

Wengine huitwa mahojiano kwa video. Watakuuliza kwa nini kozi hiyo, kwa nini chuo hicho, utakaa wapi, nani analipa. Soma orodha ya masomo yako mpaka uweze kuyaeleza kwa maneno yako. Na tafadhali, asikudanganye dalali yeyote kwamba ana taarifa ya benki ya kukutengenezea. Karatasi ya uongo ikigunduliwa unaweza kufungiwa Uingereza miaka 10. Nywila ya maombi yako usimpe mtu.

Ukinyimwa, soma barua yote kabla ya kulia. Ada ya afya hurudishwa, ya maombi hairudi, na CAS ile imeshatumika, kwa hiyo unakiandikia chuo upesi kikutolee nyengine. Mimi nilipoketi na kalenda niliona kwamba tangu tarehe 21 Julai salio halikushuka tena, na siku 28 zilitimia tarehe 17 Agosti. Nilichohitaji ni taarifa mpya ya benki na CAS mpya. Cheti cha kifua kikuu kilikuwa bado hai. Nikaomba upya mwanzoni mwa Septemba, na mwisho wa mwezi viza ikatoka.

Mimi nilibandikiwa stika kwenye pasipoti. Siku hizi wanafunzi wengi hupewa viza ya kielektroniki, hivyo fungua akaunti ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, uiunganishe na pasipoti utakayosafiria, na uingie ndani yake ukiwa bado nyumbani uthibitishe kuwa jina na tarehe za viza ziko sawa. Cheti cha kifua kikuu kitie kwenye mkoba wa mkononi. Cha mdogo wangu kilikuwa kimeshafungiwa ndani ya begi kubwa, mama akalifungua tena usiku wa safari na kukitoa.