Somo: Vitenzi vya Kutafuna, Kula Kidogokidogo na Kufakamia katika Kiingereza

Ndugu wanachama, wengi wetu tunapoandika Kiingereza hukibebesha kitenzi "eat" kila mzigo, ilhali katika lugha yetu hatuoni taabu kutofautisha kuguguna, kubugia na kufakamia. Anzeni basi na kitenzi cha Kiswahili kinachowajia akilini, kisha mkitafutie mwenzake.

Hatua ya kwanza ni kutazama meno yanafanya nini. Kung'ata mara moja ni "bite", ambacho hubadilika kuwa "bit" na "bitten". Kutafuna ni "chew", kinachotamkwa kama "chuu". Kuguguna kitu kigumu, kama panya au mbwa mwenye mfupa, ni "gnaw", na herufi ya kwanza haitamkwi kabisa. Sikio nalo lina sehemu yake hapa. Mtu anayetafuna karoti mbichi hutoa mlio mkavu wa kuvunjika, na mlio huo ndio "crunch". Anayetafuna mfululizo, kwa utulivu, taya zikienda bila haraka, huyo "munches". Anayeng'ata mapande makubwa kwa kelele "chomps". Napenda sana vitenzi hivi kwa sababu, kama vile mumunya katika Kiswahili, sauti yake yenyewe inakuonyesha mdomo unavyokwenda.

Hatua ya pili ni kiasi kidogo. "Nibble" ni kung'ata vipande vidogovidogo, nacho mara nyingi hufuatwa na "at" au "on". "Pick at" ni kudonoadonoa chakula bila hamu, kwa hiyo kinamfaa mgonjwa. "Snack" ni nomino na pia kitenzi: kama nomino ni kitu kidogo kinacholiwa kati ya milo, na kama kitenzi huhitaji "on" kabla ya chakula kinachotajwa, hivyo andikeni "She snacked on nuts", wala msiseme "She snacked nuts".

Hatua ya tatu, yenye makosa mengi zaidi, ni kupita kiasi. "Overeat" hakichukui yambwa: twasema "I overate", yaani nilikula kupita kiasi, bila kutaja chakula chenyewe baada ya kitenzi. Tukitaka kukitaja, tutumie "gorge" au "stuff" pamoja na kiwakilishi kirejeshi: "He gorged himself on cake", "They stuffed themselves with bread". Angalieni kwamba kihusishi kinabadilika. Kufakamia, ambako jambo kuu ni haraka na pupa, ni "gobble" au "wolf down", na hiki cha pili kimetokana na mbwa mwitu. Mlafi ni "glutton", na ulafi ni "gluttony".

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nikishiba niseme "I am satisfied"?
Jibu: Sarufi yake haina kosa, lakini mezani watu husema "I'm full". "I'm stuffed" ni ya marafiki tu, na maana yake inakaribia kuvimbiwa. Mbele ya mwenyeji unayemheshimu, "I've had enough, thank you" inatosha.

Swali: Je, "binge" na "pig out" ni sawa?
Jibu: Hapana. "Pig out" ni lugha ya mzaha, na ukimwambia mtu usiyemzoea anaweza kuona umemfananisha na nguruwe. "Binge" ni kula kwingi kwa mkupuo, lakini pia limo katika jina la ugonjwa, "binge eating disorder", uliotambuliwa rasmi kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Kwa hiyo nawasihi msilitumie kumtania mtu ambaye hamjui hali yake.

Swali: Nimesoma "Let me chew it over", na hapakuwa na chakula.
Jibu: Hapo maana yake ni kutafakari jambo kabla ya kuamua. Msemaji alikuwa anaomba muda, na jibu lifaalo ni "Take your time".