Kadi ya kliniki isilale barabarani

Ukimsindikiza mtu anayelala nje kwenye kliniki ya afya ya akili jijini Dar es Salaam, mwombe ridhaa kadi yake ihifadhiwe, ndani ya bahasha iliyofungwa, na mama lishe anayemwamini karibu na anapolala. Kadi inayowekwa chini ya boksi huloa mvua ikinyesha au huzolewa pamoja na taka, na bila kadi daktari hupata shida kujua dawa alizokuwa akitumia na kipimo chake. Kama hana fedha, anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, anayeshughulikia maombi ya msamaha wa gharama. Njia hii ya kuhifadhi kadi kwa mama lishe hukwama mgonjwa akihamia mtaa mwingine. Na akizungumzia kujiua, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke idara ya dharura mara moja.