Kumtafutia jina mwanamke aliyeuawa zamani: mwongozo kwa mpelelezi wa Mtwara na Lindi

Mauaji ya zamani ambayo marehemu wake hajulikani huanza kuchunguzwa kwa kutafuta jina lake, wala si kwa kumsaka muuaji, kwa sababu huwezi kuwahoji watu waliomzunguka mtu ambaye humjui.

Hatua ya kwanza ni jalada. Litafute kituoni na katika masjala ya mahakama, pamoja na taarifa ya daktari. Likiwa limeliwa na mchwa, jambo ambalo huku kwetu si geni, endelea na vielelezo vilivyosalia.

Hatua ya pili ni mabaki. Kaburi lisifukuliwe bila kibali. Mtaalamu ataanza na nyonga, inayotambulisha jinsia kwa uhakika zaidi kuliko fuvu, kisha meno.

Hatua ya tatu ni nguo, na hapa usiwe na haraka. Kipande cha kanga chenye chapa ya kiwanda cha Urafiki, kilichoanza kazi mwaka 1968, hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo. Fungua kwa uangalifu fundo la pindo, kwa maana ndiko wanawake wanakofunga fedha. Senti tano ya shaba, ile yenye samaki, ilianza kutolewa mwaka 1966, na kutu yake ya kijani huhifadhi nyuzi zilizoigusa hata pale kitambaa kingine chote kinapokuwa kimeoza. Kumbuka tu kwamba sarafu huonyesha mwaka ambao kabla yake hakuzikwa. Haionyeshi mwaka aliokufa.

Hatua ya nne ni wazee. Nilipoanza kazi hii niliuliza, "Bibi, ilikuwa mwaka gani?" nikajibiwa, "Zamani, mwanangu." Siku hizi nauliza kama reli ya Nachingwea ilikuwa bado haijang'olewa, au kama watu walikwishahamishwa katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Swali hilo la pili lina faida nyingine: kijiji kilichotajwa katika jalada huenda leo ni mahame yenye mikorosho mitupu, na waliokuwa majirani wa marehemu wanaishi mbali na hapo. Uliza pia kuhusu waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, 1964 hadi 1974, kwani mwanamke aliyekimbia peke yake huenda hakuwa na ndugu upande huu wa kutoa taarifa kwamba amepotea.

Hatua ya tano ni vinasaba, vinavyosimamiwa kwa sheria ya mwaka 2009 kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali. Mifupa iliyochakaa mara nyingi hutoa vile vya mitokondria pekee, yaani visehemu vidogo vilivyo ndani ya seli, ambavyo mtu hurithi kwa mama yake. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo wazee watakutajia mstari huo bila kusita. Sampuli ichukuliwe kwa mtoto wa dada yake; mtoto wa kaka yake, hata awe anafanana naye vipi, hatakufaa kwa kipimo hicho.