Jinsi ya kutengeneza dokumentari ya mama mjane anayetetea lupango yake: kwa simu, hapa Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu nzuri kiasi, maiki ndogo ya kubana kifuani, na habari ya mama ambaye bwana yake amekufa na sasa wakwe wanataka atoke nyumbani. Habari ya namna hiyo utaipata katika komini (manispaa) za hapa mjini: Katuba, Kenya, Ruashi, popote; kilio hakijaisha, minong'ono ya lupango (kiwanja chenye nyumba) imeshaanza. Tunalenga filamu ya dakika 12 hadi 15. Ya saa nzima iache kwanza.

Dokumentari nyingi za haki za wanawake zinazopigwa huku kwetu zimejengwa juu ya machozi. Kamera inasogea usoni, mama analia, muziki unapanda. Mtazamaji anasikitika, kesho ameshasahau. Mimi nafundisha njia nyingine: mfuate mama akiwa anafanya jambo. Anatafuta karatasi kwenye sanduku, anabishana na shemeji yake, anangoja kwenye benchi la ofisi ya kartie (mtaa). Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alifanya hivyo katika Maman Colonelle (2017). Anamfuata kanali wa polisi, Honorine Munyole, aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, na tunawajua wanawake wanaoteseka kwa kumwona yeye akihangaika nao kazini.

Hatua ya 1: Soma sheria kabla ya kuwasha kamera

Wengi wanairuka, na kumbe filamu yote iko humu.

Sheria ya Familia ya Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Marekebisho hayo yaliondoa sharti la mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana yake kabla ya kufanya mambo ya kisheria. Utakutana na wazee, na hata watu wa ofisini, wanaozungumza kana kwamba sharti hilo bado lipo. Wapige picha wakisema hivyo, ukipewa nafasi.

Kwa mjane, uliza kwanza kama ndoa iliandikishwa komini. Ndoa ya kimila inatambuliwa, lakini inatakiwa iandikishwe, na mama asiye na cheti anaanza vita akiwa nyuma. Pili, uliza mali ilipatikana lini. Kama hawakuchagua mpango mwingine wa mali walipofunga ndoa, walichokichuma wakiwa pamoja ni cha wote wawili: nusu ni ya mama mwenyewe, wala haiingii katika urithi. Kinachorithiwa ni upande wa marehemu tu. Humo, watoto wote aliowatambua, wa ndani na wa nje ya ndoa, wasichana kwa wavulana, wanachukua robo tatu. Mjane yuko katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu, kwenye robo inayobaki. Juu ya hayo ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vya ndani. Kesi ya mama wako inaweza kuwa na mikunjo yake, kwa hiyo tafuta wakili au mwanaharakati wa sheria aipitie pamoja nawe kabla hujaweka neno lolote kwenye filamu.

Halafu ardhi. Tangu sheria ya 1973, udongo ni wa Serikali. Mtu anamiliki haki ya kuutumia, na karatasi kubwa ni sertifika ya usajili. Kwenye kartie nyingi watu hawana sertifika, wana fishi (kadi) ya lupango au karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na mashahidi. Jina la nani limeandikwa hapo? Swali hilo peke yake linaweza kubeba dakika tatu za filamu.

Usisahau mila, na usiifanyie mzaha. Kwa Wabemba na Walamba ukoo unafuata upande wa mama, na kwa desturi mali ya mwanaume inaelekea kwa watoto wa dada yake. Mpwa anayekuja kudai lupango hajioni mwizi. Anajiona analinda kitu cha ukoo. Kwa Waluba wa Katanga ukoo unafuata baba, na ugomvi unakuja kwa sura nyingine. Ukimchora shemeji kama shetani, majirani wanaomjua hawataiamini filamu yako, na hao ndio unaowataka waitazame.

Ukimaliza, chukua daftari uandike: kila karatasi ni onyesho moja. Cheti cha ndoa, karatasi ya mauzo, risiti za saruji, barua ya kumwita kwenye baraza la familia, hati ya mahakama. Mama akiwa nazo tano, una maonyesho matano. Asipokuwa na hata moja, filamu yako ni safari ya kuzitafuta, na pengine hiyo ni bora zaidi.

Hatua ya 2: Ridhaa, na siyo mara moja

Nenda mara ya kwanza bila kamera, ukiongozana na mtu anayemwamini: mama mwenzake wa likelemba (mchango wa kupokezana), au wa kanisani. Mwite kwa jina la mtoto wake kama wanavyomwita pale avenyu. Kaa. Usikimbilie habari yako.

Kisha mwambie ubaya wote unaoweza kutokea, kwa Kiswahili chake. Wakwe wataiona. Kipande kitaingia WhatsApp na hakitarudi. Mtu anaweza kumtukana sokoni, au mtoto akachekwa shuleni. Muulize anamwogopa nani hasa. Jibu hilo litakupangia kazi yote: nani asionekane, nyumba gani isipigwe kwa mbele, jina gani lisitajwe.

Ridhaa naiomba mara tatu: kabla ya kupiga, baada ya kupiga, na baada ya yeye kutazama filamu iliyokatwa. Ya tatu ndiyo yenye uzito, kwa sababu hapo tu anajua anakubali nini. Irekodi kwa video, akieleza mwenyewe anachokubali na anachokataa. Karatasi ije baadaye. Fomu ya Kifaransa ambayo mama hawezi kuisoma inakukinga wewe, yeye haimkingi na chochote.

Je, umlipe? Kwa ushuhuda, hapana. Ukilipa maneno, shemeji atasema umeyanunua, na atakuwa na hoja. Lakini mama anayeuza makala (mkaa) au fretini (samaki wadogo) akikaa nawe siku nzima, amepoteza falanga za siku nzima. Mrudishie hiyo, pamoja na transport na chakula, na useme wazi ndani ya kikundi chako kwamba umefanya hivyo.

Kama hataki kujulikana, amua kabla ya kupiga. Kufifisha uso kwenye kompyuta baadaye hakutoshi: majirani wanamtambua kwa kitenge, kwa mlango, kwa mwendo. Piga mikono yake, piga kivuli, piga mgongo dhidi ya mwanga wa dirisha ukiwa umeondoa kila kitu kinachotambulika. Sauti nayo usiishushe tu kwa programu, maana mwenye ujuzi anaweza kuirudisha. Mwombe mama mwingine ayarudie maneno yake, na uandike kwenye filamu kwamba sauti si yake. Watoto wadogo waliomo katika ugomvi usiwaonyeshe sura kabisa.

Hatua ya 3: Ruhusa

Mwone shefu wa kartie, halafu komini. Pata karatasi yenye muhuri na utembee nayo, pamoja na nakala mbili, kwa sababu ya kwanza itabaki mikononi mwa mtu. Usielekeze kamera kwa askari, kambi wala vizuizi. Mahakamani usipige ndani bila idhini ya rais wa mahakama. Akikataa, onyesho la mama akipandisha ngazi na kutoka tena na bahasha linatosha.

Hatua ya 4: Simu na sauti

Weka picha 1080p, fremu 25 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hertzi 50, na ukipiga kwa fremu 30 chini ya taa za neoni picha mara nyingi inacheza-cheza. Tumia programu inayokuruhusu kufunga shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) kwenye 1/50 ya sekunde, na ufunge mwanga na fokasi ili simu isijibadilishe mama akisogeza mkono. 4K achana nayo. Kwa 1080p saa moja inakula karibu gigabaiti 8, na hiyo inatosha kukujazia simu. Weka mode avioni (hali ya ndegeni), la sivyo simu itaita katikati ya jibu zuri.

Mwanga mzuri ni saa moja hadi saa tatu asubuhi, halafu kuanzia saa tisa na nusu mchana. Jua la saa sita linachimba macho ya watu. Kiangazi, Mei hadi Septemba, vumbi jekundu linaingia kila mahali, funika maiki. Masika kuna shida nyingine: mvua ikianza kupiga mabati, acha mahojiano. Hakuna programu itakayokusafishia kelele hiyo.

Sauti ndiyo inayotofautisha filamu na video ya simu. Bana maiki kwa ndani ya blauzi, kwa utepe, isisugue kitenge. Vaa hedifoni muda wote, siyo mwanzoni tu. Kabla ya kupanga siku, ulizia kanisa la jirani lina maombi saa ngapi na baa inafungulia bafle (spika) saa ngapi. Na kila mahali unapopiga, rekodi sekunde 30 za pale palipo kimya, watu wakiwa hawasemi. Utazihitaji kuziba mishono wakati wa kukata.

Jioni hiyohiyo, hamisha kila kitu kwenye diski mbili, na hizo diski zilale katika nyumba mbili tofauti.

Hatua ya 5: Mahojiano

Mhoji mahali anapofanyia kazi au ndani ya lupango yenyewe, akiwa na kitu mikononi: anachambua maharage, anakunja nguo, anafungua sanduku la karatasi. Mikono ikiwa na kazi, mdomo haujipangi kama wa mtu anayehojiwa kwenye habari.

Usianze na kifo. Anza na nyumba. "Mama, hii lupango mulinunua namna gani?" "Tofali za kwanza zilitoka wapi?" "Nani alikuwa anapikia mafundi?" Katika majibu hayo atakueleza, bila wewe kumwongoza, kwamba alibeba maji, aliuza vitumbua, alilipa mchanga. Huo ni ushahidi wa mali ya watu wawili, na unatoka kinywani mwake kama kumbukumbu, siyo kama madai.

Baadaye: "Siku walipokuja, walikuwa wangapi? Walisema nini? Wewe ulijibu nini?" Vitenzi, watu, maneno yaliyosemwa. "Unajisikiaje?" lifute kwenye daftari. Akinyamaza, nyamaza naye. Kimya cha sekunde kumi mara nyingi kinazaa jibu ambalo swali lako lisingelizaa. Akilia, simamisha, zima, mpe maji, umuulize kama anataka kuendelea leo. Kipande hicho kikiingia kwenye filamu kiwe kimepita ridhaa ya tatu, na kiwe kifupi.

Hatua ya 6: Upande wa pili

Mtafute shemeji au mpwa. Mwambie wazi unapiga filamu kuhusu nini, ila usimsomee maneno ya mama. Mwulize mila inasema nini, nani alimfundisha, na watoto wa marehemu watalala wapi. Mpige picha kwa heshima ileile, mwanga uleule, umbali uleule wa kamera. Kumpiga picha kutoka chini ili aonekane jitu ni ujanja wa rahisi. Akikataa, andika kwenye filamu kwamba aliombwa na hakukubali. Kabla ya kwenda kwake, hakikisha mama amejua na amekubali, maana hatari ya ziara hiyo anabaki nayo yeye.

Hatua ya 7: Kukata

Andika mahojiano yote kwenye karatasi kwanza. Ndiyo, yote. Pigia mstari sentensi zinazoendesha habari mbele, zipange sakafuni, halafu ndiyo ufungue kompyuta. DaVinci Resolve ya bure inafaa kama una mashine yenye nguvu. Kwenye simu, CapCut inatosha kwa dakika 12.

Fungua filamu na mama akiwa katikati ya jambo, bila maelezo. Sheria iingie pale karatasi inapoonekana, kwa sentensi moja fupi ya maandishi. Usiajiri sauti ya mwanaume mzito kueleza maisha ya mwanamke anayejua kujieleza. Muziki kidogo, au usiwepo.

Maandishi ya Kifaransa chini ya picha yasomwe na watu wawili wanaojua Kiswahili cha huku vizuri. Hili si jambo dogo. Septemba 2015 serikali ilipozuia dokumentari ya Thierry Michel kuhusu Daktari Mukwege, anayetibu wanawake waliobakwa, moja ya hoja zake ilikuwa kwamba maneno ya mashahidi yametafsiriwa vibaya. Zuio liliondolewa mwezi uliofuata, lakini somo limebaki: mtu asiyeipenda filamu yako ataanza kuichokonoa hapo.

Hatua ya 8: Kuonyesha

Wa kwanza kuitazama ni mama, nyumbani kwake au kwako, na kidole chake kina haki ya kusema "hapa toa".

Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, ni pazuri, lakini wanaokwenda pale wengi wao wameshakubaliana nawe. Ipeleke kartie. Shuka jeupe lililonyooshwa ukutani, projekta, na jenereta nyuma ya ukuta mbali na watu ili isimeze sauti. Anza giza likiwa limeshika, umalize mapema watu warudi salama. Alika wanaume, alika wazee wa ukoo, walete mbele. Mpe kipaza sauti kwanza mtu wa sheria ajibu maswali ya watu juu ya karatasi zao. Utashangaa ni wangapi watauliza habari za dada zao. Mama mwenye filamu asikalishwe mezani kuulizwa, isipokuwa ameomba mwenyewe.

Intaneti ije mwisho, na ikiwezekana baada ya hukumu. Kabla ya kuipandisha mpigie mama, uliza kesi imefika wapi na kama bado anakubali. Funika namba ya lupango na jina la avenyu kwenye kila karatasi inayoonekana, uipitie filamu nzima taratibu ukiangalia hilo tu. Na zima sehemu ya maoni, kwa sababu majirani wataanza kutajana majina humo.