Jinsi ya kunenepesha seli za 3T3-L1 na kuiona PPAR-gama ikifanya kazi

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi aliyekwisha kutupa sahani nne kwa sababu seli zake za 3T3-L1 (seli za panya zinazoweza kugeuka kuwa seli za mafuta) zimegoma kunenepa. Kosa lake, kama lile lililonitesa mimi, liko hatua ya 2.

PPAR-gama ni protini inayokaa kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kuhifadhi mafuta. Rosiglitazoni, dawa ya kisukari, hujishikiza kwake. Mafuta yakiwekwa mahali pake, ini na misuli huisikia tena insulini.

1. Otesha seli kwenye DMEM (kimiminika cha kulishia seli) yenye glukosi nyingi na seramu ya ndama asilimia 10.

2. Acha sahani ijae, kisha ngoja siku 2 zaidi. Narudia: siku 2 *baada ya* kujaa. Seli zikigusana tu bado zinagawanyika; zinatakiwa zibanane mpaka ziache zenyewe. Mimi nilikuwa naweka dawa za hatua ya 3 jioni ileile nilipoziona zimejaa, napata vishada viwili vitatu vya mafuta pembezoni na katikati jangwa. Lakini flaski ya akiba, unayotunzia seli za kupanda kwenye sahani, ni kinyume chake: hiyo isijae hata siku moja. Igawe ikifika asilimia 60 hivi. Seli zilizowahi kubanana hupoteza uwezo wa kunenepa, na hadubini haikuambii kitu, maana zinaonekana nzima kabisa. Ukishazigawa mara 10, yeyusha kichupa kipya, usizionee huruma. Na seramu usichanganye: ya ndama aliyezaliwa mpaka hapa, ya ndama wa tumboni (FBS) kuanzia hatua ya 3. Mwanafunzi wangu alitumia FBS tangu mwanzo, na flaski yake ilijaa kila wikiendi.

3. Siku ya 0, yaani zile siku 2 zikishapita, weka dawa za kuanzisha unene: DMEM yenye FBS asilimia 10, IBMX milimola 0.5, deksamethasoni mikromola 1, insulini mikrogramu 10 kwa mililita. IBMX iyeyushe kwenye DMSO (kimiminika cha kuyeyushia dawa). Andaa sahani tatu: ya kwanza ongeza rosiglitazoni mikromola 1, ya pili DMSO tupu kwa kiasi kilekile, ya tatu GW9662 inayoiziba PPAR-gama. Bila hiyo ya tatu utakuwa na picha tu, huna hoja.

4. Siku ya 2, DMEM yenye insulini na FBS. Siku ya 4, DMEM yenye FBS peke yake, ukibadilisha kila baada ya siku 2. Dawa za sahani ya kwanza na ya tatu, na DMSO ya ile ya pili, zirudishe kila unapobadilisha. Pampu ya kufyonza weka mbali: seli zilizonona hung'oka kama ganda la kitunguu. Inamisha sahani, tumia pipeti.

5. Siku ya 8: fomalini asilimia 10, isopropanoli asilimia 60, kisha Oil Red O (rangi nyekundu inayoshika mafuta) uliyoichuja siku hiyohiyo, la sivyo utahesabu vumbi la rangi ukidhani ni mafuta. Osha, yeyusha rangi kwa isopropanoli, soma kwenye nanomita 510. Ukipima PPAR-gama yenyewe kwa western blot (njia ya kutenganisha protini kwa ukubwa na kuitambua kwa kingamwili), tarajia mistari miwili iliyokaribiana. Ni aina mbili za PPAR-gama: wa juu ni gama-2, inayoizidi gama-1 kwa asidi amino 30 kwenye panya.